Jina Lina Mwenyewe

Wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengi tunaifasiri methali hii kijuujuu, kwamba asiyetaka kuchoka asitarajie kupata. Ni kweli, lakini kuinamisha mgongo si kazi. Hata mwizi huinama. Kunakouma ni kuinamisha moyo, pale mtu anapolazimika kupiga hodi kwenye mlango alioapa kutoukaribia. Mama Dorotea alijifunza hayo uzeeni, tena ugenini.

Aliishi Malvern, pembeni mwa jiji la Toronto, katika nyumba ya bintiye Épiphanie. Majira ya baridi ya mwaka 1996 theluji ilianguka kimya kimya kutwa kucha, na Mama Dorotea alikaa dirishani na blanketi lake magotini, nusu macho, nusu usingizini. Theluji ilimchukua mbali. Mara alijiona mtoto mdogo chini ya meza ya duka huko Elisabethville, kabla mji huo haujaitwa Lubumbashi. Vitambaa vilining'inia pande zote, mwanga ukapenya ndani yake ukawa wa buluu na manjano, na juu ya kichwa chake mkasi ulikata polepole. Aliona viatu vya mwanamume na pindo za suruali yake. Uso hakuuona kamwe. Kila alipoinua macho autazame, aliamka, na dirishani hakukuwa na kitu ila theluji.

Mwanamume huyo alikuwa baba yake, Nissim Amato, Myahudi wa kisiwa cha Rodesi aliyefika Katanga akiwa kijana mwenye sanduku moja, akafungua duka la vitambaa. Aliishi na mama yake Dorotea kama mume na mke, ila bila cheti. Dorotea alipokuwa bado mtoto mdogo, jamaa wa Nissim walimletea mchumba kutoka kisiwani. Mama mtu akambeba mwanawe, wakapanda garimoshi kurudi kwao. Baba hakuja kituoni kuwaaga.

Kwa masista wa misheni akabatizwa Dorotea, lakini katika cheti cha ubatizo liliandikwa pia jina alilopewa na baba yake, Bulisa. Wasichana wenzake walicheka wakashika mbavu. Walisema mzungu amempa mtoto jina la kitambaa, lile linalopigwa chapa kwenye jora. Mtoto aliamini, na mtoto akiambiwa jambo la kumuumiza hulishika kuliko sala. Akalizika jina hilo asilitamke tena. Hata hivyo, moyoni alibaki na swali moja, na alitaka jibu kabla hajafumba macho: je, baba yake alimpenda, au alimtupa?

Lakini kuuliza? Thubutu! Mama Dorotea alikuwa na kiburi cha kutosha kijiji kizima.

Épiphanie, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wakongwe katika nyumba ya wazee, aliliona jina la Bulisa alipokuwa akitayarisha karatasi za mama yake za kuingia Kanada. Akaanza kutafuta taratibu. Aliandikia misheni. Aliandikia sinagogi la Lubumbashi, akiambatisha nakala ya picha ya zamani yenye mhuri wa duka. Majibu yalikuja kwa kusuasua. Nissim alifia Ubelgiji. Watoto wake wa ndoa walikuwa wametangulia wote mbele ya haki isipokuwa mmoja, Rejina, na Rejina alikuwa akiishi papo hapo Toronto, umbali wa mabasi mawili tu! Kweli milima haikutani, binadamu hukutana.

"Mama," Épiphanie alisema jioni alipopata habari hizo, "nimemupata mudogo wako."

"Miye sina mudogo."

"Anasema tukuye kwake siku ya Mungu. Anakungojea."

"Bao batoto ba ndoa balilala mu nyumba, miye nikabakia inje. Leo niende kubapigia hodi? Niombe nini?"

"Si kuomba, mama. Ni kuuliza tu."

"Kuuliza ni kuomba," alijibu, akageukia dirisha lake.

Wiki zikapita. Kisha ndoto ikabadilika. Mama Dorotea alijikuta tena chini ya meza, vitambaa viking'aa vilevile, lakini mkasi ulikuwa kimya, na viatu havikuwepo. Alisubiri na kusubiri. Alipoamka aliona kuwa baba ameanza kuondoka hata ndotoni. Asubuhi hiyo hakula. Alimwita bintiye akamwambia, "Nipe koti yangu. Twende."

Mlango ulifunguliwa na bibi mfupi mwenye mvi, aliyeegemea mkongojo. "Karibuni, muingie! Baridi hii itatumaliza," alisema kwa Kiswahili cha Lubumbashi kisicho na doa. Mama Dorotea alipigwa na butwaa. Njia nzima alikuwa amejiandaa kudharauliwa kwa Kifaransa. Hakujiandaa kukaribishwa kwa lugha yake mwenyewe. Akaketi kwenye ncha ya kiti, vifungo vyote vya koti vimefungwa, kama mtu anayesubiri basi.

Chai ilipoa bila kuguswa. Hatimaye Rejina akasema, "Karatasi na picha za papa yetu, Nissim, ziko mu sanduku, chini ya kitanda. Lakini nilivunjika nyonga, siwezi kuinama."

Épiphanie akainuka. Mama yake akamshika mkono. "Ikala. Nitaivuta miye."

Akapiga magoti kando ya kitanda cha mtoto wa ndoa, magoti yakalia, akanyoosha mkono vumbini mpaka vidole vikagusa kishikio. Lilikuwa sanduku lile lile moja lililotoka Rodesi. Rejina akaketi kitandani, wakalifungua wote watatu. Kulikuwa na cheti cha ndoa, pasi ya kusafiria, vyeti vya kuzaliwa, na picha ya mwanamke mzee mwenye kitambaa kichwani, ameketi mlangoni pa nyumba ya mawe.

"Huyu nani?" Mama Dorotea aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza siku hiyo.

"Huyu njo mama ya papa. Jina yake Bulisa."

Mama Dorotea aliisogeza picha karibu na macho. Rejina, aliyemjua mgeni wake kwa jina la Dorotea tu, aliendelea kuitazama picha.

"Kwetu, mutoto mwanamuke wa kwanza anapewa jina ya mama ya baba yake, hata kama nkambo, yule bibi, angali muzima. Ni heshima kubwa. Miye nilikuwa wa kwanza, lakini papa alikataa. Nkambo alilia kule Rodesi mupaka vita ikamuchukua. Mama akamuuliza papa sababu. Akajibu neno moya tu: 'Ile jina iko na mwenyewe.'" Akapangusa macho. "Maisha yangu yote nilifikiri aliniona sistahili."

Nje theluji iliendelea kushuka. Épiphanie alilijua jibu, lakini alijiuma mdomo, kwa sababu halikuwa lake kulitoa.

Mama Dorotea, angali amepiga magoti, alilitafuta jina alilolizika utotoni. Lilitoka kwa shida.

"Bulisa," alisema. "Mwenyewe njo miye."

Mkongojo wa Rejina ukaanguka, naye akamshika dada yake mabegani. "Yaya," alisema, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, "njo weye?"

Walilia kama watoto. Kosa la Nissim halikufutika. Hakuja kituoni, na hilo litabaki deni lake. Lakini aliwanyima mama yake mzazi, mkewe na binti wa ndoa jina moja, ili asimnyang'anye yule aliyempa kwanza. Mtu hamtunzii jina aliyemtupa.

Usiku huo Mama Dorotea aliota yuko chini ya meza. Mkasi ulikoma, na mwanamume akainama kumtazama. Alikuwa na macho ya bibi wa kwenye picha. Asubuhi Épiphanie alipotaka kulifua gauni la mama yake la jana, lenye vumbi la mvunguni kwa Rejina magotini, mama alimzuia. Aliacha vumbi likae, apate kuwaonyesha wajukuu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.