Picha ya Kitambaa ya Mwaka Juzi

Jumapili iliyopita, wapendwa, nilimkaripia katibu wetu mbele yenu kwamba ameniandikia matangazo kwa wino hafifu. Mkainamisha vichwa kwa adabu. Kumbe nilikuwa nimevaa miwani ya mke wangu! Nchi sita nimezitembea, na pua yangu mwenyewe ikanishinda kuikagua. Chekeni sasa, maana mbele hakuna kicheko.

Palikuwa na bwana mmoja aliyepiga picha za nyota kwa darubini. Kioo kikubwa cha darubini hiyo alikitengeneza mdogo wake kwa kukisugua kwa mkono, miezi kumi na minne, mpaka vidole vikaota sugu.

Sasa, vumbi likitua kwenye kigae kidogo cha kioo kinachoikinga kamera kwa mbele, huacha doa la mviringo kama pete katika kila picha. Dawa yake ni kufunika mdomo wa darubini asubuhi kwa kitambaa cheupe na kuupiga picha ule weupe. Madoa yote hujianika hapo. Kompyuta huyasoma, kisha huyaondoa kwenye picha za nyota. Lakini bwana yule alikuwa mvivu. Alipiga picha ya kitambaa mara moja tu, akaitumia miaka miwili.

Siku moja mdogo mtu, kwa mapenzi tu, akalifuta vumbi la kwenye kile kigae. Tangu hapo kila picha ikatoka na pete nyeupe katikati, kwa sababu kompyuta ilikuwa ikisahihisha doa ambalo halipo tena.

Bwana akamwita mdogo wake mbele ya wageni.

"Kioo chako kina kilema. Umeniaibisha."

"Kaka, mimi nilifuta vumbi. Hebu piga upya ile picha ya kitambaa, dakika tano tu."

"Wewe wa kunifundisha mimi? Ya kitambaa ninayo. Beba kioo chako uende!"

Akakibeba.

Kaka mtu akaagiza kioo kipya kutoka ng'ambo. Akapiga picha. Pete ile ile, mahali pale pale! Akaketi chini, akayakumbuka maneno ya mdogo wake. Kulipokucha akatafuta kitambaa, akapiga upya. Pete ikatoweka.

Na sisi je? Nani hapa hana picha ya mwaka juzi ya mkewe, ya mwanawe, ya jirani aliyekuwa mlevi? Mwenzetu ametubu, amejisafisha, sisi bado tunamsahihisha. Ile pete tunayomnyooshea kidole tumeichora wenyewe. Mimi wa kwanza, na joho langu hili. Halafu tunajituliza: ni ndugu yangu, nitamwomba radhi tu, yataisha. Hata yule bwana alijituliza hivyo njia nzima.

Alimkuta mdogo wake kibarazani, anamenya mihogo.

"Ndugu yangu, nilikosa mimi. Kioo chako hakina ila hata chembe. Nipe nikirudishe mahali pake."

Mdogo mtu hakuweka kisu chini.

"Nilikivunja siku ile ile, kaka. Nilikuamini."