Digidigi Alivyoacha Maji

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa shule.

Shule na ikae.

Ikae wapi?

Ikae tuiendee.

Haya, sogeeni basi tuiendee. Shule yenyewe ilikuwa chini ya mgunga, huko nchi kavu ambako mvua hupita mbali kama mtu unayemdai salamu. Haikuwa na ukuta wala mlango. Ilikuwa na ubao, meza moja, magogo ya kukalia na kengele. Kengele ilikuwa rimu ya lori lililokufa zamani, imening'inizwa tawini, na mpigaji wake alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa kwenye mawe, manyoya rangi ya vumbi, mkia hana. Mkia hana, lakini akili anazo, na hilo alilijua yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote.

Mwalimu alikuwa Fisi. Msiniulize nani alimpa ualimu, maana hata wanyama walipouliza hawakujibiwa. Alikuwa na nguvu, alikuwa na sauti, na alikuwa na tumbo. Ndilo tumbo lililokuwa likifundisha.

Juu kabisa ya ubao Fisi aliandika sheria, akaizungushia mstari isifutwe: ANAYETOKA AACHE KITU MEZANI. Mtoto akibanwa na haja katikati ya somo, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Umeacha nini mezani?"

"Nimeacha kiazi."

"Nenda, urudi kabla mate hayajakauka."

Na Fisi akatema mate juu ya jiwe, tfu. Ninyi pia bibi zenu huwatuma dukani hivyo hivyo, na hakuna ubaya, kwa sababu mate ya bibi hukauka pale bibi anapotaka. Mate ya Fisi yalikaukia juani. Aliyechelewa alichapwa. Aliyewahi alikuta kiazi chake kimeshuka tumboni kwa mwalimu, kachu, kachu, kachu, naye akashinda na njaa mpaka jioni.

Pimbi hakuwahi kuacha kitu. Mpiga kengele hutoka kutazama kivuli kimefika wapi, na akishatoka, ametoka. Sheria ilikuwa ya wengine, naye aliiona ni sheria nzuri tu.

Kwenye gogo lake alikaa na Digidigi, binti mdogo mwenye macho makubwa, rafiki yake tangu walipoanza kuhesabu. Ukoo wa digidigi una desturi yake. Hawajisaidii ovyo. Wana pahali pao pamoja, nyuma ya vichaka vya mswaki, walipoonyeshwa na babu zao, na mtoto wa digidigi ni afadhali atetemeke kuliko kuchuchumaa pengine. Vichaka vyenyewe vilikuwa mbali. Digidigi alikimbia, akarudi akihema, akakuta mate yamekauka. Alichapwa. Kesho tena alikimbia, kesho tena mate yamekauka. Hakulalamika hata siku moja.

Ukaingia ukame. Asubuhi moja mama yake alitafuta cha kumfungia, akakosa, akamwambia, "Nenda hivyo hivyo mwanangu, jioni Mungu atatupa." Digidigi akanywa maji mengi apate kudanganya njaa, akaja shule. Jua halijapanda sana, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Umeacha nini mezani?"

"Leo sina kitu, mwalimu."

"Basi kaa."

Akakaa. Akabana. Akanyoosha tena.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Umeacha nini mezani?"

"Nitaleta kesho, mwalimu."

"Basi nenda kesho."

Akakaa. Akabana. Akakunja miguu, akauma mdomo, akanyoosha mkono mara ya tatu, na mkono ulikuwa ukitetemeka. Fisi hakumtazama. Alikuwa akichora ubaoni jina la kila mnyama aliwaye.

Chururu.

Gogo likalowa, vumbi likalowa. Darasa likalipuka, kwa-kwa-kwa. Nyani alicheka, Kanga alicheka, Ngiri alicheka mpaka akaanguka chini. Na Pimbi je? Sitamficha, ingawa ni wetu. Pimbi alicheka wa kwanza, na alicheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu Fisi alikuwa amemgeukia, na mpiga kengele hapendi kunyang'anywa chuma chake. Digidigi alimtazama mara moja tu. Kisha akatazama miguu yake mpaka kengele ilipolia.

Kesho yake alikuja shule. Wengine mngedhani hatakuja. Alikuja, akakaa palepale, akasoma. Ila wakati wa mapumziko wenzake walipokwenda kwenye mtungi, yeye alibaki.

"Dada, njoo unywe," Pimbi akamwambia.

"Sina kiu."

Siku ya pili akamletea maji kwenye kifuu.

"Kunywa, dada."

"Nikinywa nitabanwa. Nikibanwa nitaomba ruhusa. Sinywi."

Siku ya tatu midomo yake ilikuwa imepasuka. Siku ya nne alisimama kusoma ba, be, bi, na kabla ya bo akaanguka kifudifudi. Wakambeba mpaka kivulini. Fisi akasema mtoto huyu ni mvivu.

Jioni ile mama yake alikuja. Pimbi alikuwa juu ya mgunga akifunga kamba ya kengele, akashuka upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu wenu yuko wapi?"

Fisi alikuwa mezani akilamba makombo. Mama Digidigi hakukaa, wala hakukaribishwa.

"Mwalimu, mwanangu ana siku nne hajatia maji mdomoni. Jana nilimchapa ili anywe. Alilia bila machozi, mwalimu. Nimezaa watoto sita, sijawahi kuona mtoto analia macho makavu. Nakuomba umruhusu awe anatoka."

"Mama, atoke bila kuacha kitu, wenzake watasemaje? Kazi yangu ni kufundisha. Kunywa maji mfundishe wewe."

Mama akaondoka polepole. Pimbi alisimama nyuma ya mti na kamba yake mkononi, akaona haya ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Alikuwa amejidanganya siku zote nne kwamba kosa ni la Fisi peke yake. Sasa alijua kwamba rafiki yake asipokunywa atakufa, na kwamba na yeye ana mkono humo. Akaapa moyoni kuwa ile sheria itafutwa, na ikifutwa Digidigi atakunywa.

Basi, mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye Fisi alikuwa na cha mvunguni chake. Mkaguzi wa shule, Mzee Ndovu, alikuwa amesikia kwamba kuna mwalimu ambaye watoto wake hawazururi wakati wa somo, na kesho yake, Alhamisi, angekuja kumwona. Akiridhika, angempeleka shule kubwa ya bondeni, yenye watoto wengi na vikapu vingi vya chakula. Fisi aliviota vile vikapu mpaka mate yakamchuruzika.

Jioni ileile Pimbi akapita nyumba kwa nyumba. Kwa Nyani akasema, "Kesho usilete kiazi, leta kitu chenye maji." Kwa Ngiri akasema, "Kesho usilete muhogo, leta kitu chenye maji." Kwa Kanga akasema vivyo hivyo, kwa Kindi vivyo hivyo. Hawakumuuliza sababu, maana akili za Pimbi waliziogopa.

Alhamisi, mapema, mikono ikaanza kunyooka.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Umeacha nini mezani?"

"Nimeacha tikiti maji."

"Nenda." Fyu, fyu, fyu, tikiti likaenda.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Umeacha nini mezani?"

"Nimeacha matango."

"Nenda." Kachu, kachu, matango yakaenda.

Kanga akaacha kibuyu cha uji wa ukwaju, gu-gu-gu, ukaenda. Kindi akaacha muwa, ukatafunwa ukafyonzwa, ukaenda. Asubuhi ile Fisi hakutema mate hata kwa mmoja wao, kwa sababu mdomo haukupata nafasi. Meza ikabaki nyeupe. Tumbo likawa ngoma.

Hapo Ndovu akatokea na vumbi lake. Watoto wakasimama.

"Shikamoo, Mzee Mkaguzi."

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Mwalimu, endelea, mimi nitasikiliza mpaka kengele."

Pimbi akapiga, ngo, ngo, ngo, somo lingine likaanza. Fisi akafundisha hesabu ya kujumlisha. Akajumlisha mara moja vizuri. Akajumlisha mara ya pili amesimama kwa mguu mmoja. Mara ya tatu akakunja miguu yote akaegemea ubao.

"Mwalimu," Nyani akauliza kwa adabu, "mto huanzia wapi?"

"Hilo si la leo."

"Mwalimu," Ngiri akauliza, "maporomoko ya maji hulia vipi?"

"Nyamaza, Ngiri."

Fisi akamtazama Pimbi, akamkonyeza kuelekea kengele. Pimbi akatoka, akatazama kivuli, akarudi.

"Bado, mwalimu."

Jasho likamtoka Fisi. Akavumilia, akashindwa, akamgeukia mgeni.

"Mzee Mkaguzi, naomba ruhusa kidogo."

Ndovu alikuwa mtu wa maandishi. Akainua mkonga, akafuata sheria ubaoni neno kwa neno.

"Imeandikwa aache kitu mezani. Umeacha nini mezani?"

"Sina kitu, Mzee. Nimekula."

"Sheria hii aliandika nani?"

"Mimi, Mzee."

"Basi kaa, mwalimu."

Fisi akakaa. Akabana. Akanyoosha mkono, naam, mwalimu mzima akanyoosha mkono, na mkono ulikuwa ukitetemeka.

Chururu.

Darasa likalipuka, kwa-kwa-kwa, Nyani akicheka, Kanga akicheka, Ngiri chini tena. Ndiyo saa aliyoingojea Pimbi. Akafungua mdomo acheke wa mwisho, na kicheko hakikuja. Alimwona Fisi akitazama miguu yake mwenyewe, na macho yake hayakuwa tena macho ya fisi. Yalikuwa macho ya mtoto yeyote aliyelowa mbele ya wenzake, na Pimbi akayaonea huruma bila kupenda.

Mmoja mwingine hakucheka. Digidigi aliinuka kwenye gogo, akipepesuka kwa udhaifu, akachota vumbi kwa mikono miwili, akaenda akalimwaga pale palipolowa. Akarudi akachota tena. Akafunika mpaka pakakauka. Vicheko vikafa kimoja kimoja.

Fisi akatoka chini ya mgunga, mkia katikati ya miguu, asiage. Hakurudi ualimuni. Mpaka leo anazunguka porini peke yake, na husikika akicheka ovyo, ajicheke mwenyewe kabla hajachekwa.

Ndovu akaufuta ubao wote kwa mkonga wake.

"Anayebanwa atoke," alisema. "Mkojo haujui ratiba."

Shule ikawa na raha ambayo haijapata kuwako. Watoto wakatoka wakarudi, wakatoka wakarudi, na viazi vyao viko palepale. Pimbi akajaza kifuu maji ya mtungini, ya baridi, akamletea rafiki yake pale kivulini.

"Kunywa, dada. Sheria imefutwa."

"Nimeona."

"Fisi ameondoka."

"Nimeona, ndugu yangu. Umefanya vizuri."

"Basi kunywa."

Digidigi akapokea kifuu. Akakileta mdomoni, midomo ikagusa maji. Koo likakataa. Akajaribu tena, koo likakataa. Akakiweka chini taratibu, asimwage hata tone.

"Siwezi," akasema. "Nikiona maji nasikia mnavyocheka."

Pimbi akakitazama kile kifuu.

"Na mimi unanisikia?"

"Wewe ndiye nakusikia zaidi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Pimbi angeomba radhi, wangegombana, wangepatana, watoto ndivyo walivyo. Alisema kama mtu anayejibu alichoulizwa. Pimbi akalia, na machozi anayo, yakamwagika ndani ya kile kifuu.

Digidigi hakufa, msiogope. Mama yake alimwamsha alfajiri, akamwonyesha kulamba umande kwenye majani, akamwonyesha majani mabichi yenye utomvu, akaishi kwa hayo. Alipokua akazaa, na watoto wake wakaishi kwa hayo. Ndiyo maana mpaka leo wanyama wote hushuka mtoni, na digidigi hashuki. Mtamwona amesimama vichakani, macho makubwa, anawatazama wengine wakinywa.

Hadithi huwa na funzo, na wazazi wenu wamenisihi nisiwaachie hivi hivi. Basi shikeni. Mtoto mwenye adabu haombi kutoka wakati wa somo. Hujibana, akasoma, akawa mtu mkubwa. Mwalimu hakosei, sheria haiumizi mtu, na kicheko hakijawahi kumuua yeyote. Atakayewaambia vingine ni mwongo kama mimi.

Hadithi yangu imechoka, nimeilaza hapa. Mwenye yake aiamshe.

Na wewe mdogo uliyekunja miguu hapo nyuma, inuka uende. Usikimbie. Tutakungoja.