Ndoano ya Tindo

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa wapi?
— Mji usioona jua!

Hapo kale, ndani ya mfupa wa paja, palikuwa na mji uitwao Uboho. Bi Shina ndiye aliyekuwa bibi wa wote. Katika uzao wake walitoka Wekundu, wabeba pumzi. Walitoka pia Walinzi, wabeba ndoano.

Desturi ilikuwa hii: kila mlinzi alijichongea ndoano kutoka mwilini mwake. Adui hakuonyeshwa, kwani hakuna aliyemjua. Kisha mlinzi alipita katikati ya ndugu zake. Ndoano ikinasa ndugu, mlango wa kutoka mjini haufunguki. Atachonga tena, mpaka mwili umwishie, ayeyuke kama chumvi majini.

Mjukuu mmoja, mlinzi Tindo, alichonga ndoano yenye meno kila upande.

"Hii haimsazi mtu!" akajigamba.

Akapita, akapita, akapita. Ndoano ikanasa Mwekundu mbavuni.

"We Tindo!" Mwekundu akafoka. "Unawinda maadui au mashemeji?"

Wekundu wakacheka. Bi Shina hakucheka.

"Huyo ni nani?"

"Ndugu yangu, bibi."

"Chonga."

Tindo akachonga. Akapita, akapita, akapita. Ndoano ikamnasa Bi Shina mwenyewe begani.

"Na huyu ni nani?"

Tindo akainama. "Bibi yangu."

"Chonga, mjukuu wangu. Mwilini mwako kimebaki kipande kimoja."

Kando yake mlinzi mwenzake alikuwa akiyeyuka. Tindo akamtazama mpaka yule akaisha. Kisha akachonga polepole, akakata meno aliyoyapenda.

Akapita, akapita, akapita. Ndoano haikugusa Mwekundu. Haikugusa mlinzi. Haikugusa bibi.

"Bibi, nimekwisha," akasema. "Hainasi kitu."

Bi Shina akafungua mlango. Nje mto mwekundu ulikuwa ukienda kasi.

"Hainasi wetu. Toka."

"Nitamnasa nani, nami simjui?"

"Ataingia kwa mwiba au kwa kidonda, wala hatabisha hodi. Hata mimi simjui. Ndoano ikishika, usiachie."

Tindo akaiinua ndoano yake, akajitosa.

Ndiyo maana wahenga husema: mlinzi huaminiwa kwanza kwa wale asiowadhuru.

Hadithi imefika ukingoni. Mwenye kiu na anywe. Na wewe unayesinzia hapo, sinzia tu: walinzi wa mfupani mwako wako kazini.