Watoto Watatu wa Mzee Shemweta

Isome taratibu hii, hata kama una haraka. Na ukimaliza, usinijibu mimi. Mpelekee yule aliyekujia akilini ulipokuwa unasoma.

Katika milima ya Usambara aliishi mkulima mmoja wa mapeasi aliyeitwa Mzee Shemweta. Alikuwa mtu wa heshima zake. Msikitini alikaa safu ya mbele, na watu walipogombania mipaka ya mashamba, yeye ndiye aliyeitwa kuamua. Akisema neno, watu walilichukua.

Yeye na mkewe, Mama Shabani, walikuwa na watoto watatu wakubwa. Shabani na Mbaraka walikwisha kuoa na kuhamia mbali. Mwantumu, binti yao, alikuwa bado nyumbani. Kisha, Mama Shabani alipokuwa amekwisha kugawa nguo zote za watoto akidhani uzazi umekoma, akapata mimba nyingine. Akazaliwa mtoto wa kike. Wakamwita Sikudhani.

Sikudhani alizaliwa kwa shida sana. Wenzake walipoanza kutambaa, yeye alikuwa bado analala chali. Walipoanza kusimama, miguu yake ilikakamaa ikapishana kama mkasi, na mkono wa kulia ukajikunja kifuani. Ulimi wake, lakini, ulikuwa mwepesi, na akili haikuwa na kasoro yoyote.

Mama yake alikata ndoo ya plastiki ubavuni, akaitandika kanga, akawa anamkalisha humo ili akae wima jikoni wakipika na kupiga soga. Kila asubuhi alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Alimlisha polepole, kijiko kwa kijiko, maana haraka ilimpalia.

Baba yake hakumpiga wala hakumnyima kitu. Peasi lililoiva vizuri kuliko yote alimletea yeye. Alimwonea aibu tu. Mgeni akipiga hodi, Mzee alimtupia mkewe jicho, na mkewe alielewa: mtoto aingizwe ndani.

Zahanati walimwambia Mama Shabani awe anampeleka mtoto kwa ajili ya mazoezi ya viungo. Mzee akakataa.

“Umbebe njia nzima, watu wamkodolee macho? Mazoezi mfanyie hapa hapa.”

Sikudhani akaingia mwaka wa sita akiwa hajawahi kubebwa na baba yake kupita lango la nyumba yao.

Mwaka huo ikaja posa ya Mwantumu. Kijana aliitwa Hizza, wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, mtoto wa Mzee Kaoneka. Ilikuwa familia yenye jina zuri, na Mwantumu mwenyewe alimpenda kijana yule. Wazazi wakafurahi. Nyumba ikapakwa chokaa, majamvi yakaanikwa.

Asubuhi ya siku ya wageni, Mzee alimwita mkewe pembeni.

“Mama Shabani, leo mtoto akae stoo.”

“Stoo ya mapeasi? Baba Shabani, mle mna baridi.”

“Mfunike. Unataka wakwe wamwone, kisha waseme ukoo wetu una kasoro? Waseme Mwantumu naye atazaa hivyo hivyo? Unataka kumharibia mwanao?”

Mama Shabani akaingia ndani kutafuta blanketi. Mwantumu alikuwa mlangoni, alisikia yote. Moyo ulimuuma, lakini alimtaka Hizza. Akainamisha uso, akanyamaza.

Mzee mwenyewe ndiye aliyembeba Sikudhani hadi stoo. Akamlaza juu ya magunia, akamfunika blanketi.

“Mwanangu, wageni wanakuja kumwona dada yako. Ukae kimya kabisa. Usiimbe, usikohoe. Sawa?”

“Sawa, baba. Nikikaa kimya, nitawaona baadaye?”

“Baadaye,” alisema Mzee, akavuta mlango.

Stoo hiyo ilipakana na sebule. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao tu.

Wageni wakafika baada ya swala ya alasiri: mshenga, wazee wawili wa ukoo, na Mzee Kaoneka mwenyewe. Wakakaribishwa, wakanywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, wakauliziana hali za mvua na mashamba. Mshenga akaeleza walichokuja kukitafuta. Mambo yalikwenda vizuri, mpaka Mzee Kaoneka alipoweka kikombe chini.

“Mzee mwenzangu,” alisema, “kabla hatujasonga mbele, tujuane. Mola amekujaalia watoto wangapi?”

“Watatu,” alijibu Mzee Shemweta. “Wa kiume wawili, na huyu Mwantumu.”

“Watatu tu?”

“Watatu, alhamdulillahi.”

Mzee Kaoneka alimgeukia Mama Shabani. Mama Shabani alikuwa anatazama jamvi.

“Basi tusameheane,” alisema Mzee Kaoneka, akinyanyuka. “Tumekosea nyumba.”

Mzee Shemweta alicheka, akidhani ni utani wa wakwe. “Mmekosea vipi? Shemweta katika mlima huu ni mimi peke yangu.”

“Sisi tulielekezwa kwenye nyumba yenye watoto wanne.”

Hapo kicheko kikakatika.

Mzee Kaoneka akaendelea, wala hakupandisha sauti. “Hizza ana mdogo wake, anaitwa Athumani. Hana nguvu za miguu tangu kuzaliwa. Mama yao alifariki, na mimi, kama unavyoniona, jua langu linatua. Nikiondoka, Athumani atabaki mikononi mwa Hizza na mkewe. Tulikwenda nyumba nyingine kabla ya hii. Walipomwona Athumani, wakatutolea udhuru. Nikamwambia Hizza, mwanangu, tutafanyaje? Siku moja akarudi nyumbani anacheka. Alimwona binti anavuka kijito, amembeba mdogo wake mgongoni, miguu ya mtoto imekakamaa huku na huku, wanaimba wote wawili. Watu wanawatazama, binti hana habari nao. Hizza akasema, baba, nimempata. Akauliza ni binti wa nani. Wakamwambia ni wa Shemweta.”

Akavaa kofia yake.

“Hatukuja kutafuta nyumba isiyo na mtoto wa namna hiyo. Tulikuja kwa sababu tulisikia yumo. Sasa kama hayumo, hatuna la kuzungumza. Na kama yumo, Mzee mwenzangu, mimi nitawezaje kumwacha wangu mikononi mwa ukoo unaomkana wake?”

Wakaaga kwa adabu, wakaondoka.

Mzee Shemweta alibaki ameketi. Kwanza alikasirika. “Nani alimtoa yule mtoto nje? Nani alimpeleka mtoni?”

Mwantumu alitoka chumbani akilia. Alipita moja kwa moja kwenda stoo, na wazazi wake wakamfuata.

Walimkuta Sikudhani amejikunja juu ya magunia, amejaza pindo la blanketi mdomoni. Macho yalikuwa mekundu kwa kuzuia kikohozi. Mwantumu alipolitoa lile pindo, mtoto alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamtazama baba yake, akatabasamu.

“Baba, wameenda? Kikohozi kilikuja, nikakiziba. Hawakunisikia, eh?”

“Hawakukusikia,” alisema Mzee.

“Mimi niliwasikia. Nilikusikia na wewe.” Akafikiri kidogo. “Baba, watoto watatu ni kaka Shabani, na kaka Mbaraka, na dada. Sasa mimi ni wa nani?”

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtoto anavyouliza mvua inatoka wapi.

Mama Shabani akaficha uso kwenye upande wa kanga. Mzee Shemweta, ambaye wilaya nzima ilimwita kuamua magomvi, alirudi nyuma hadi mlangoni. Alitoka nje, akaenda akasimama katikati ya miti yake. Aliona aibu, lakini haikuwa ile aliyoizoea. Ile ilimfanya atazame watu. Hii ilimfanya ashindwe kujitazama mwenyewe.

Siku zile hakula vizuri, na msikitini alikaa safu ya nyuma. Watu walidhani ni kwa sababu posa imevunjika.

Asubuhi moja akamwambia mkewe, “Nipe kanga.”

“Kanga ya nini?”

“Nifunge mtoto mgongoni. Ninakwenda naye kwa Kaoneka.”

Mama Shabani alimtazama, akaenda kuleta kanga, akamfungia mwenyewe. Mwanamume mzima, mvi kichwani, akatoka langoni na mtoto mgongoni kwa kanga, miguu ya mtoto imemtoka huku na huku.

Njiani alijiandaa. Alijua watu watauliza, huyu nani? Alikwisha kupanga jibu, akilirudia moyoni ili ulimi usimsaliti. Wa kwanza kukutana nao alikuwa bibi mmoja anayeuza maharage. Mzee akafungua kinywa, lakini mgongoni kwake sauti ikawahi.

“Shikamoo bibi Mwanahawa!”

“Marahaba, Sikudhani wangu! Leo umepanda kwa baba? Mama hajambo?”

“Hajambo. Mguu wako umepona?”

Wakaendelea mbele. Fundi cherehani akamwita mtoto kwa jina. Mwenye duka akatoka kumpa pipi. Walipopita zahanati, muuguzi akapunga mkono. “Sikudhani! Kesho usikose mazoezi!”

Mzee Shemweta alikuwa anatembea uso chini. Kumbe mkewe na binti yake walikuwa wakimbeba kupita njia ile ile kila alipokwenda shambani. Kijiji kizima kilimjua mtoto. Kilijua pia kwamba baba yake anamficha, na kwa kumsitiri, hakuna aliyewahi kumwambia. Miaka yote aliyokaa safu ya mbele, nyuma yake kila mtu alijua.

Alifika kwa Mzee Kaoneka jasho linamtiririka. Akakaribishwa barazani. Athumani alikuwa ameketi pale, mgongo ameegemea mto, anamenya karanga.

“Mzee mwenzangu,” alisema Shemweta, “sikuja kuomba posa irudi. Nimekuja kukwambia nilikudanganya. Watoto wangu ni wanne. Huyu ni kitinda mimba wangu, anaitwa Sikudhani. Naomba unisamehe.”

Mzee Kaoneka alitikisa kichwa. “Mimi hukunikosea sana. Nilikunywa chai yako nikaenda zangu. Huyu alikusikia?”

“Alinisikia.”

“Basi unaomba msamaha mlango usio wake.”

Mzee Shemweta alifungua kanga, akamteremsha mtoto taratibu juu ya jamvi, akapiga magoti mbele yake. Lakini Sikudhani alikuwa amekwisha kuona karanga.

“Mwanangu, baba alisema vibaya siku ile. Baba amekosa. Nisamehe.”

“Nimekusamehe,” alisema Sikudhani haraka haraka, akamgeukia Athumani. “Nimenyee na mimi. Mkono wangu huu haumenyi.”

Athumani akammenyea. Mzee Kaoneka akaita chai iletwe.

Hawakuzungumza habari ya posa siku ile. Baadaye, Hizza alipomwendea Mwantumu mwenyewe, Mwantumu alimwambia, “Na mimi nilinyamaza. Usinione mimi ndiye mwema wa nyumba ile.” Hizza akamjibu kwamba amesikia, na kwamba bado anamtaka. Mavuno yalipokwisha, mshenga akatumwa tena.

Safari hii Mzee Shemweta alipanga kila kitu kwa mkono wake. Sebuleni, ubavuni mwa nafasi yake, alitandika mto mzuri. Akamvalisha Sikudhani gauni jipya, akamketisha pale kabla ya mtu yeyote. Akatoka uani kumwambia mkewe alete udi.

“Hodi wenyewe!” mshenga akaita langoni.

“Karibuni! Karibuni sana!”

Mzee akaingia ndani upesi ili awapokee akiwa na mwanawe. Mto ulikuwa mtupu.

Akatazama nyuma ya mlango, akatazama chumbani. Kisha akaona sakafuni alama za vumbi za mtu aliyejiburuta kwa mkono mmoja. Akazifuata.

Sikudhani alikuwa amefika stoo. Gauni jipya limechafuka kuanzia kifuani hadi chini, anahema kwa kuchoka. Alikuwa anajaribu kuvuta mlango kwa ndani, na mkono haufiki.

“Baba,” alinong'ona alipomwona, “wageni wamefika. Nifungie.”

Wageni, waliokwisha kukaribishwa sebuleni na Mama Shabani, walisikia mwanamume akilia. Hakuna aliyeinuka. Alipotokea, alikuwa amempakata mtoto, vumbi la gauni limemchafua kanzu yake nyeupe. Hakuipangusa. Akaketi naye hivyo hivyo mbele za watu.

Funzo: Ukimficha mtoto wako, watu hawadanganyiki, lakini mtoto ataamini kwamba anapaswa kufichwa. Toka naye angali hajajifunza kujificha mwenyewe, kwa maana msamaha wake utaupata kwa siku moja, na kumfundisha tena kwamba nyumba ni yake kutakuchukua miaka.