Jembe la Mgeni wa Bi Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupikiana uji, aliishi mjane mmoja, Bi Tembo.

Tangu mumewe arudi kwa Mola, Bi Tembo hakutupa kitu. Alianza kwa kuweka nguo za marehemu. Kisha akaokota vyungu vilivyopasuka, makuti, vifuu, hata mifupa ya samaki. Nyumba ikajaa hadi darini. Mwenyewe akawa analala wima penye mlango. Haogi, hali vizuri, na mguu una kidonda kinachonuka. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepinda. Mvua ya kwanza ingemfukia humo humo.

Kifaru na Nyati wakaja kwa vishindo. Kwata! Kwata!

"Bibi, toka! Tunatupa takataka hizi!"

"Takataka ni hiyo pembe yako!"

Mkonga ukapita, vuuu! Wote wawili wakajikuta mtaroni.

"Ana wazimu," Nyati akahema.

"Hana wazimu," akasema Pimbi, mdogo kama paka. "Ana msiba."

Jioni Pimbi akaenda peke yake.

"Hodi, bibi!"

"Umekuja kutupa?"

"La. Nimekuja mgeni."

Bi Tembo akampisha mlangoni. Mgeni hafukuzwi.

"Karibu, mjukuu wangu. Ila kiti sijui kiko wapi."

Pimbi akajibanza juu ya kifuu. Hakugusa kitu. Akasikiliza habari za marehemu. Kesho yake akazisikiliza tena, zile zile.

Siku ya tatu, kulipokucha, akanyoosha mikono.

"Bibi, nipe jembe."

"Jembe la nini?"

"Wazee walisemaje? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Au unataka isemwe kwamba nyumba ya marehemu haina adabu?"

"Haitasemwa hivyo, astaghafirullah!" Bi Tembo akaligeukia rundo. "Jembe lipo. Lipo... huko chini."

"Nangoja."

Akatoa chungu. Pu! Akatoa makuti. Kwacha-kwacha! Akatoa vifuu, akatoa mifupa, kutwa nzima, kwa mkonga wake mwenyewe.

"Bado, bibi? Naona aibu kukaa bure."

"Subiri, we mtoto!"

Majirani wakatoka. Wakaona mlima umesimama uani, mrefu kuliko paa. Hakuna aliyecheka. Kifaru, na kiburi chake chote, akainamisha kichwa.

"Subhanallah," akanong'ona. "Huzuni ya mtu mmoja ni kubwa kiasi hiki?"

Chini kabisa kilitokea kitanda cha marehemu. Juu yake lilikuwa jembe, mpini umelainika kwa kushikwa. Bi Tembo akakaa kitandani. Ndiyo mara ya kwanza kukaa tangu mazishi. Akalia, na ardhi ikatetemeka.

"Shika," akasema mwishowe.

Pimbi akavuta. Jembe halikusogea hata kidogo.

"Zito, bibi."

Bi Tembo akamkazia macho. "Kadudu wewe! Ulijua huliwezi!"

"Nilijua, bibi."

Mkonga ukainuka juu sana. Pimbi akafumba macho, akasoma shahada yake.

Mkonga ukashuka polepole, ukamgusa utosini.

"Nisindikize mtoni," akasema Bi Tembo. "Mguu huu unanuka."

Wakatoka. Pimbi akageuka mara moja tu: "Bwana Nyati, utieni nguzo ule ukuta!"

Nami nawaachia hapo, wangali njiani kuelekea mtoni: mzigo wa mfiwa haunyang'anywi, kaa naye mpaka autue mwenyewe.