Muhanga na Jicho la Chemchemi

Paukwa!

"Pakawa!"

Wa nyuma mmelala? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale, Muhanga, yule mla mchwa mwenye makucha marefu, alikuwa mchimbaji wa kisima cha Swala. Kila alfajiri, kwaru! kwaru! kwaru! Anatoa tope, anazibua jicho la chemchemi. Swala wanakunywa. Miaka ikaenda, miaka ikaja.

Ng'ambo ya kilima, kisima cha Nyati kikakauka. Nyati wakaja.

"Tuungane, tuwe kundi moja."

Swala wakaziona zile pembe. Wakakubali. Nyati Mkuu akawa mkubwa wa wote. Siku hiyo hiyo akamwita Muhanga.

"Kundi moja, kisima kimoja, mchimbaji mmoja. Sisi tunaye Ngiri wetu. Wewe nenda."

"Ngiri yule ambaye kisima chake kimekauka?"

"Nenda!"

Muhanga akawatazama Swala. Swala wakatazama majani. Akaenda huku analia, mpaka kwa Kanga. Kanga wakampa kazi ya kuwachimbulia mchwa.

Siku ya nne, Swala mmoja huyo, mbio, tifu! tifu!

"Shangazi, Ngiri anauliza, jicho liko wapi?"

"Chini ya jiwe jeusi."

Siku ya tano, yule yule.

"Shangazi, jiwe jeusi lipi?"

"Jamani! Si liko moja tu?"

Siku ya sita, yule yule.

"Shangazi, Ngiri kaling'oa jiwe. Kisima kimefukiwa. Mkubwa anasema uje kidogo."

"Kidogo! Kwani mlinifukuza kidogo?"

"Watoto hawajanywa tangu jana, Shangazi."

Muhanga akaguna, mhh! Akaenda. Akamkuta Ngiri kwenye tope hadi shingoni.

"Dada, niliwaambia siijui kazi hii. Hawakunisikia."

"Sogea."

Kwaru! kwaru! kwaru! Jua likapanda, jua likashuka. Maji yakatoka, bubujiku! Watoto wakanywa.

"Vizuri," akasema Nyati Mkuu. "Kesho uwahi."

"Kesho niko kwa Kanga."

"Na kisima kikiziba?"

"Njoo uwaombe Kanga. Wewe mwenyewe. Mjumbe simtaki tena."

Mvua ya kwanza tu, kisima kikaziba. Na Nyati Mkuu, pembe zote zile, akasimama mbele ya Kanga, kichwa chini, akingoja wamalize kula ndipo wamsikilize.

Basi jueni: ukimfukuza ajuaye kazi, usimfuate na maswali. Mfuate na heshima.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nami koo limekauka, nipeni maji.