Nadhiri Mlangoni pa Chumba cha Mtihani

Hadithi ninayo, mwisho wake sina. Mwisho mnao nyinyi, kwa hiyo msisinzie, msichungulie simu, nisikilizeni mpaka nimalize, maana kesho asubuhi nahitaji jibu na kichwa changu kimeshindwa.

Palikuwa na wanawake watatu katika nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, wawili wa humo humo na mmoja wa kuja na kuondoka, na kila mmoja Mungu alimpa chake. Wa kwanza ni mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri, aliyefundisha watoto chuoni kusoma Kurani tangu mume wangu hajazaliwa. Yeye kapewa sikio. Wa pili ni Zamzam, shoga yangu wa kazini. Yeye kapewa mdomo, jambo gumu likipita kinywani mwake linatoka laini kama uji wa mtoto. Wa tatu ni Saumu, dada wa mume wangu, fundi wa simu na redio. Yeye kapewa mikono. Ndiyo, ni wifi yangu, na kazi yangu mimi ni mitandao ya kompyuta, chekeni basi, mtaa mzima ulishacheka.

Na mimi Arafa nilipewa woga. Kidato cha nne nilimaliza, cheti cha kwanza cha mitandao nikakipata, ofisi ikanichukua kwa mkataba wa muda. Kisha mkuu wetu akatangaza, anayetaka kubaki alete cheti cha juu. Cha juu! Mtihani wa sehemu tatu, ukianguka moja umeanguka zote, na mimi mimba ndiyo kwanza imeanza kuonekana, nikisoma ukurasa nasinzia, nikiamka sijui hata nilifika wapi.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Bi Mwanakheri alinikuta nimefunga kitabu nalia. Akaendelea kuchambua mchele wake, akasema, "Kaa hapa. Soma kwa sauti."

"Mama, ni mambo ya kompyuta, tena kwa Kiingereza."

"Nimekuuliza lugha?"

Nikakaa mkekani nikaanza kukariri, tabaka za mtandao, kanuni ipi inafanya kazi wapi, namba ipi ni ya nini. Nafika mahali, yeye hata hainui kichwa: "Hapo. Rudia." Natazama kitabu, kweli nimekosea. Naendelea. "Hapo tena. Rudia."

"Mama, lakini wewe hujui maana yake!"

"Maana siijui. Sauti yako ndiyo inayojua kwamba hujui. Mtoto akifika kwenye aya asiyoihifadhi, anaimeza. Nawe umemeza. Rudia."

Basi kila siku ukiingia kwetu unasikia mimi nasoma kompyuta kwa mahadhi ya chuoni, na yeye na mchele wake, mpaka ulimi ukawa unakwenda wenyewe.

Lakini kuhifadhi si kuelewa, na hapo ndipo Zamzam alipoingia. Yeye mtihani huo alishaufanya mara mbili na mara zote mbili ulimwangusha. "Nisikilize mimi," aliniambia, "mashimo ya njia hiyo nayajua yote, nimeshatumbukia." Mimi nilikwama kwenye ruta, zile mashine zinazoelekeza ujumbe upite wapi. Kitabu kinasema ujumbe unaweza kuzunguka kati ya ruta mbili usifike milele. Utazungukaje, jamani, na kila ruta imeandikiwa njia?

"Shoga, unalikumbuka sufuria kubwa la mtaa, lile la biriani?" akasema Zamzam. "Lilipopotea?"

"Nalikumbuka."

"Ukienda kwa Bi Tatu, anasema liko kwa Bi Chausiku. Kwa nini? Kwa sababu Bi Chausiku alimwambia analijua lilipo. Ukienda kwa Bi Chausiku, anasema nenda kwa Bi Tatu. Kwa nini? Kwa sababu naye kasikia Bi Tatu anajua. Hakuna aliyesema uongo, kila mmoja anamwamini mwenziwe, na wewe uliyetumwa unazunguka mpaka kandambili zinakatika."

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. "Na dawa yake?"

"Habari uliyopewa na mtu, usimrudishie yeye mwenyewe kama habari mpya. Basi. Kitabu kimetumia kurasa nzima kusema hivyo."

Na kuelewa nako si kutenda. Saumu alikusanya ruta chakavu na swichi, vile visanduku vya kuunganishia kompyuta, zilizotupwa na maofisi, akazifufua, akazipanga sebuleni. Twahir, mume wangu, akawa anakwenda kula kwa kuruka waya. Kila asubuhi kabla hajaenda kibandani kwake, Saumu anaharibu kitu makusudi kisha ananiita: "Haya wifi, mtandao umekufa. Ufufue."

Mimi woga ukinishika navamia, nabadilisha hiki, nabadilisha kile, nachomoa waya, mwisho hata kilichokuwa kizima kimekufa. Saumu ananipiga kofi mkononi: "Kimoja! Gusa kimoja, jaribu. Hakikusaidia, kirudishe kilivyokuwa, ndiyo uguse kingine."

"Muda utaniishia, wifi."

"Uishe. Fundi mwenye papara analetewa simu moja, anarudisha maiti mbili."

Siku ya mtihani mimba ilikuwa kubwa, nimevaa dera kwa kuwa nguo nyingine zilishanikataa, na wote watatu wakanisindikiza. Mlinzi alipotuona akasema kwa heshima kabisa, "Kina mama, kliniki ni jengo la nyuma."

"Kaka yangu," Zamzam akamjibu, "huyu kaja kuzaa cheti."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Tulipofika mlangoni pa chumba nikang'ang'ania fremu ya mlango, nikageuka nikawatazama wote watatu, nikasema mbele ya Mungu: "Atakayenivusha humu ndani, mwanangu atabeba jina lake." Nikaingia. Niliyasema kwa woga, jamani, sikufikiri kwamba pale mlangoni wako watatu.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya maswali ya kukariri. Nilikuwa najibu kwa kunong'ona, nikataka kuchagua jibu, nikasikia sauti yangu imemeza. *Hapo. Rudia.* Nikarudia, nikaona jibu ni lile la chini.

Sehemu ya pili wakanipa mchoro wa mtandao wa kampuni yenye matawi, ujumbe haufiki, eleza kwa nini. Nikatazama ile mistari, nikamwona Bi Tatu huku na Bi Chausiku kule na sufuria halipo. Nikacheka peke yangu, msimamizi akanitazama vibaya, nikainama nikaandika.

Sehemu ya tatu ni mashine zenyewe, mbovu, na saa ukutani inakwenda. Mikono ikataka kuvamia. Nikaukalia wa kushoto, naapa, nikaukalia kabisa, nikatumia wa kulia tu. Kimoja. Nikajaribu. Nikarudisha. Kimoja. Mpaka ujumbe ukapita.

Nilifaulu. Kila sehemu nilivuka kwa unywele tu, ungemtoa yeyote kati ya wale watatu, nisingekuwa na cheti. Kazi nimethibitishwa, likizo ya uzazi nimepewa, na mtoto kaja salama, msichana, ana mashavu hayo!

Kesho ni siku yake ya saba, anapewa jina. Twahir kasema, "Jina ni haki yangu mimi baba, lakini nadhiri ni nadhiri. Mimi simo." Kaenda zake kumtazama mbuzi wa akika.

Mtasema, mpe majina yote matatu. Kwetu mtoto ana jina moja, linalofuata ni la babake, na mimi nilitaja jina, sikutaja majina. Mtasema, utazaa wengine. Nyie! Hata kukaa sawasawa bado sijaweza.

Hakuna aliyenidai waziwazi. Bi Mwanakheri alikuwa anamwogesha mtoto, akasema tu, "Nimesomesha watoto wa watu wengi, Mwanakheri hakuna hata mmoja. Majina yetu siku hizi wanasema ya kizee." Zamzam akasema, "Mimi mtihani ule siurudii tena. Basi angalau Zamzam mmoja akue karibu na cheti." Na Saumu, anayeolewa Pemba baada ya Ramadhani, akasema akiwa kanipa mgongo, "Mkiita Saumu humu ndani nikiwa sipo, aitike mtu."

Hivi ninavyowasimulia wako jikoni wanakuna nazi za kesho, wanataniana, hawana neno. Lakini kila mmoja akipita kitandani kwangu anamwita mtoto kwa jina lake mwenyewe, kimyakimya, akidhani sisikii. Na mtoto naye, mnafiki mdogo huyu, anawatolea macho wote.

Kesho babu yake, baba mkwe wangu atakayemtangaza jina, ataniinamia aniulize, "Anaitwa nani?" na lazima nifungue mdomo. Yupi ndiye aliyenivusha? Aliyenisikiliza, aliyenielewesha, au aliyenifunza kuzuia mkono? Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Haya, nyinyi mliokaa hapo, babu mngemtajia jina gani?